Ruta Mpya au Ukuta wa Kale?

Tangu maduka ya Kariakoo, Darajani na Luthuli Avenue yaanze kupanga rafuni visanduku vilivyoandikwa "Wi-Fi 6" na, karibuni zaidi, "Wi-Fi 7", watu waliotiliwa faiba majumbani wamekuwa wakiuliza kama ruta waliyo nayo imekwisha kupitwa na wakati, na kama wakinunua mpya intaneti yao itapata mwendo. Swali ni la haki, kwani ruta njema si kitu cha bei rahisi, na mwenye kutoa fedha yampasa ajue atapata nini badala yake. Lakini jawabu halimo katika nambari iliyopigwa chapa juu ya kisanduku, bali limo katika mambo mawili ambayo mwenye duka hawezi kuyaona akiwa nyuma ya meza yake, nayo ni kifurushi unacholipia kila mwezi na kuta za nyumba unayokaa.

Nambari zenyewe si za siku nyingi. Hapo kwanza kila kizazi cha Wi-Fi kikijulikana kwa alama za kanuni za wahandisi wa IEEE, kama 802.11n ya mwaka 2009 na 802.11ac ya 2013, alama ambazo mtu asiye wa fani hii hakuwa na sababu ya kuzihifadhi, mpaka Oktoba 2018 jumuiya ya watengenezaji, Wi-Fi Alliance, ilipoamua kwamba hizo ziitwe 4 na 5, na iliyokuwa ikifuata iitwe 6. Vyeti vya Wi-Fi 6 vikaanza kutolewa 2019, na vya Wi-Fi 7 Januari 2024. Uamuzi ule uliwapunguzia watu tabu, ila uliwafungulia wauzaji mlango wa kusema kwamba 7 ni bora kuliko 5 kwa kila mtu na kila nyumba, kauli ambayo si kweli. Fauka ya hayo wako wanaoona jina la mtandao wao likiishia na "5G" wakadhani wamepewa 5G ya simu, ilhali hapo pametajwa bendi ya gigahezi 5 tu, ambayo ruta nyingi zimekuwa nayo miaka kadhaa kabla 5G ya simu haijafika kwetu.

Tukitazame kisanduku kimoja kwa karibu. Juu yake pameandikwa AX3000. Nambari hiyo haikupimwa katika nyumba ya mtu yeyote. Ni jumla ya megabiti 574 kwa sekunde za bendi ya gigahezi 2.4 na megabiti 2,402 za bendi ya gigahezi 5, ambazo zikikusanywa ni 2,976, kisha ukarimu wa wauzaji ukazipandisha hata zikatimia 3,000. Simu yako, inapozungumza na ruta ya namna hii, hushika bendi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo jumla hiyo haikufai kitu. Na hizo 2,402 nazo hazipatikani ila kwa kifaa chenye antena mbili kinachoweza kutumia chaneli yenye upana wa megahezi 160, ilhali simu nyingi zinaishia 80, na hapo kima hushuka kikawa nusu yake, yaani 1,201. Toa tena kinachopotea katika kusubiriana na kuitikiana kwa vifaa, ambacho aghalabu ni theluthi na mara nyingine hufika nusu, ndipo utakapobaki na mwendo wa kweli, nao ni wa mtu aliyekaa chumba kimoja na ruta pasipo kizuizi baina yao.

Hata hivyo mabaki hayo ni makubwa mno kwa nyumba nyingi za kwetu. Mwenye kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde, na ruta ya Wi-Fi 5 ambayo ikiwa karibu yaweza kupitisha mia kadhaa, hawezi kuongezewa hata megabiti moja kwa kununua ruta ya kizazi kipya, kwa kuwa kampuni inamletea 20 mlangoni na hakuna kinachoweza kuzizidisha zikishaingia ndani. Wala 20 si haba kwa nyumba ndogo: Netflix wenyewe, kwa filamu ya ubora wa 4K, wanapendekeza 15. Na yapo madhara yanayotoka mbali zaidi ya mlangoni. Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika upande wa pwani ya Afrika Kusini, intaneti ilizorota Kenya, Tanzania na nchi za jirani, na kwa muda ule mwenye ruta ya Wi-Fi 6 na mwenye ruta ya miaka kumi wakawa hali moja.

Sasa tuje kwenye ukuta, ambao kwa maoni yangu ndio wenye hatia katika malalamiko mengi kuliko ruta yenyewe. Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Unguja, za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake aghalabu zina unene wa nusu mita au kuzidi. Jiwe hilo lina vitundu vingi na hunywa maji, na maji ni adui mkubwa wa mawimbi ya redio, hasa yale ya masafa ya juu. Wimbi la gigahezi 2.4, ambalo urefu wake ni kama sentimita 12 na nusu, huweza kupenya ukuta kama ule likatokea upande wa pili limechoka lakini lingali hai. Wimbi la gigahezi 5, lenye urefu wa sentimita 6 tu, hudhoofika zaidi, na ukuta wa pili ukifuata aghalabu halifiki kabisa. Waliohamia kwenye maghorofa mapya wasidhani wameepukana na shari hiyo, kwa maana sakafu za zege zilizosukwa nondo, kuta za mabati, vioo vikubwa vya makabati, friji na matangi ya maji vyote huyarudisha nyuma mawimbi au kuyameza. Na hapa ndipo hoja ya ruta ghali yenye antena nane inapoanguka, kwani nguvu ya kurusha mawimbi imewekewa mpaka na sheria, mpaka unaozihusu ruta zote sawasawa, za bei ndogo na za bei kubwa; na hata kama ruta ingeruhusiwa kupaza sauti itakavyo, simu iliyo chumba cha mwisho sharti nayo ijibu kwa antena yake ndogo na betri yake haba, na jawabu lake ndilo linalokwama ukutani.

Ili kumjua mkosa, panahitajika vipimo vitatu, ambavyo mtu yeyote mwenye kompyuta ya mkononi na simu aweza kuvifanya. Cha kwanza ni cha waya: chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo, zima Wi-Fi, ondoa vifaa vingine vyote mtandaoni, kisha pima kwa programu yoyote ya kupima kasi. Cha pili ni cha simu ukiwa umekaa hatua chache mbele ya ruta, umeshika bendi ya gigahezi 5. Cha tatu ni cha simu iyo hiyo, mahali penye malalamiko, pengine chumba cha juu au jikoni. Ukiona waya unatoa 20 na simu ya karibu inatoa 19 lakini chumba cha juu 2, ruta haina lawama, na nyingine itakayowekwa mahali pale pale itakuletea 2 hizo hizo au zaidi kidogo. Ukiona waya wenyewe unatoa 8 kwa kifurushi cha 20, hasa baina ya magharibi na saa nne za usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni, ugomvi wako ni na kampuni. Na ukiwa unalipia 200 na waya ukakataa kuvuka 95, basi tazama kebo na tundu zake, kwani ruta nyingi za bei nafuu, hata nyingine zilizoandikwa Wi-Fi 5 kwa fahari, zina tundu za waya zisizoweza kupitisha zaidi ya 100. Kebo nayo ichunguze kwa macho: ndani ya kichwa chake cha plastiki kinachoonyesha ndani pana nafasi ya nyuzi nane, na ukizihesabu ukakuta nne tu zimefungwa, huyo ndiye mwizi wa megabiti zako, na kumfukuza ni bei ya kebo mpya.

Imebaki hali ya nne, nayo ndiyo inayohalalisha kununua: waya unatoa mwendo kamili, lakini simu iliyo mbele ya ruta inapata robo yake au kasoro ya hapo. Ikiwa simu si ya zamani, ruta hiyo yamkini ni ya Wi-Fi 4 na ya bendi moja ya gigahezi 2.4, bendi ambayo ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na ambayo katika jengo la ghorofa hugombewa na ruta za majirani wote pamoja na oveni za maikrowevu.

Faida ya kweli ya Wi-Fi 6 ni ya namna nyingine, na matangazo huipita upesi kwa sababu haina nambari kubwa ya kuandika. Vifaa vilivyo katika chaneli moja ni kama watu waliokaa barazani: kila mmoja husikiliza kwanza, akiona kimya husema, na wawili wakisema pamoja maneno huharibika na sharti yarejewe. Kwa desturi hiyo msemaji wa polepole huwachelewesha wote, na simu kuukuu iliyo mbali, yenye kupeleka maneno yake kwa kasi ndogo, huchukua zamu ndefu ya hewa hata kama ina machache ya kusema. Wi-Fi 6 ilileta utaratibu uitwao OFDMA, ambao kwao ruta huigawa zamu moja kwa vifaa kadhaa, kila kimoja kipande chake cha chaneli, hata ujumbe mdogo usilazimike kusubiri baraza nzima inyamaze. Nyumba yenye watu wanne na simu nne haitaona tofauti kubwa. Nyumba ya wapangaji, nyumba ya wageni, au nyumba yenye televisheni tatu, kamera za ulinzi na watoto wenye michezo ya mtandaoni, hiyo itaiona. Lakini sharti vifaa vyenyewe viwe vya Wi-Fi 6, na hizo ni simu kama Galaxy S10 na iPhone 11 za mwaka 2019 na nyingi za daraja la kati zilizofuata. Simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa mpaka leo hazimo katika hesabu hiyo.

Kuhusu Wi-Fi 6E na 7 sitarefusha. Fahari yao ni bendi ya gigahezi 6, ambayo Marekani iliifungua yote mwaka 2020 na Ulaya ikafungua sehemu yake ya chini mwaka uliofuata. Ni bendi pana na tulivu, ila kuta huizuia zaidi kuliko ile ya 5. Asiye na kifurushi cha gigabiti na vifaa vya kizazi hicho hicho, fedha yake na ikae.

Iko sababu moja ambayo kwayo ningebadilisha ruta hata kama kasi inaniridhisha, nayo ni usalama. Ruta ni kompyuta ndogo inayowashwa usiku na mchana, na mtengenezaji akiacha kuipelekea programu mpya za kuziba matundu yanayogunduliwa, hubaki wazi kwa kila mwenye nia mbaya. Mei 2018 watafiti wa Cisco walitangaza kwamba programu ovu iliyoitwa VPNFilter ilikuwa imekwisha kuingia katika ruta na vifaa vya mtandao visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54, na FBI ikawaomba wenye ruta wazizime na kuziwasha upya. Basi ingia katika ukurasa wa usimamizi wa ruta yako, tazama tarehe ya programu yake, kisha tazama katika tovuti ya mtengenezaji kama aina hiyo ingali inahudumiwa; ikiwa miaka imepita pasipo chochote, au ikiwa haijui ulinzi wowote wa kupita WPA2 ya mwaka 2004, hapo sioni israfu kununua ya Wi-Fi 6 yenye WPA3, tundu za gigabiti, na ahadi ya huduma iliyoandikwa. Jihadhari na ruta za mtumba zinazoletwa kutoka Uingereza na Ghuba, kwa kuwa nyingi zilitolewa na makampuni ya intaneti ya huko na zimefungwa zisitumike kwingine.

Ama yule aliyegundua kwamba hasimu wake ni ukuta, namshauri anunue kwanza mita ishirini za kebo na saa mbili za fundi. Ipitishwe kando ya ngazi mpaka chumba cha juu, na mwisho wake pawekwe kifaa cha pili cha Wi-Fi, ambacho chaweza kuwa ile ruta ya zamani yenyewe, maadamu ingali inahudumiwa, ikiwa imezimwa kazi ya kugawa anwani na kupewa jina la mtandao na neno la siri sawa na ya chini. Vile vifaa vinavyopokezana mtandao hewani bila waya pia vinafaa, lakini katika nyumba ya mawe navyo sharti vionane kupitia mlango au ngazi. Na ukiamua kumpa ndugu ruta ya zamani, kwanza ingiza pini katika kitundu cha nyuma, ishikilie kama sekunde kumi mpaka taa zibadilike, kwa maana ndani yake mna neno la siri la mtandao wako na, pengine, jina la akaunti yako ya kampuni.