Parafujo Iliyogoma

Magari mengi madogo yaendayo baina ya Handeni na Korogwe yalikwisha kutumika Japani kabla ya kushushwa bandarini kwetu. Mwenye gari afunguapo redio iliyomo hukutana upesi na kikwazo cha kwanza. Redio hiyo iliundwa kwa masafa ya FM ya Japani, yaanziayo megahezi 76 na ambayo kwa miaka mingi yaliishia 90, ilhali stesheni zetu hutangaza kati ya megahezi 87.5 na 108. Husikia stesheni chache za chini tu. Nyingine zote ni bubu kwake. Wako wanaofunga kwenye waya wa antena kifaa kidogo cha kuteremsha masafa, lakini wengi huona afadhali kung'oa redio nzima na kutia nyingine. Hapo ndipo kinapotokea kikwazo cha pili, ambacho hakihusiani kabisa na mawimbi: miongoni mwa parafujo zilizoshika redio, moja haikubali kutoka.

Fundi atasema imeshika kutu. Mara nyingine ni kweli. Chuma kikigeuka kutu huhitaji nafasi zaidi ya mara mbili ya ile kiliyokuwa nayo, na nafasi hiyo haimo ndani ya hesi. Basi kutu husukuma kila upande na kuibana parafujo mfano wa kabari. Lakini redio imo ndani ya gari, mahali pakavu. Kwa maoni yetu kutu husingiziwa. Hebu msomaji akitazame kichwa cha parafujo yenyewe: akiona msalaba wake umelika na kung'aa, mharibifu ni bisibisi.

Msalaba huo ulipewa hataza mwaka 1936 kwa jina la Henry Phillips wa Portland, Marekani, na kampuni ya General Motors ikawa miongoni mwa za kwanza kuutumia, katika magari ya Cadillac. Kuta zake zina mteremko. Kwa hiyo nguvu ya kuzungusha huzaa nguvu nyingine inayoisukuma bisibisi nje ya tundu. Wajapani nao walikuwa na kipimo chao, kinachokaribiana sana na hicho pasipo kulingana nacho. Ncha ya Phillips haifiki barabara chini ya tundu la Kijapani. Huelea, huteleza, na kila iteletezapo hukwangua chuma. Parafujo nyingi za Kijapani hutambulika kwa kitone kidogo kilichogongwa kichwani.

Kabla ya kushindana nayo, inafaa kuchunguza kama kichwa hicho kina pembe sita kwa nje. Parafujo nyingi zishikazo vyuma vya redio katika magari ya Japani zina pembe hizo pamoja na msalaba, na spana boksi ya namba 10 au 8 huzitoa bila taabu. Inasikitisha kuona fundi akihangaika saa nzima na bisibisi ilhali spana imo sandukuni mwake.

Kwanza kabisa hufunguliwa waya hasi wa betri, kisha husubiriwa dakika kadhaa, kwani gari lenye mifuko ya hewa ya usalama huhifadhi umeme kwa muda hata baada ya betri kutengwa. Ndipo bisibisi yenye ncha nzima hukandamizwa kwa uzito wa mwili. Nguvu nyingi iwe ya kusukuma, chache ya kuzungusha. Mpini mnene husaidia: kwa mkono uleule, mpini wa milimita 30 huzungusha kwa nguvu mara moja na nusu kuliko wa milimita 20. Ikikataa, ijaribiwe kukazwa kidogo kabla ya kulegezwa, au mpini ugongwe kwa nyundo ndogo, ili ule mshikamano wa awali uvunjike. Kichwa kilicholika huweza kushikika kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kilichowekwa baina yake na ncha.

Joto nalo hutumika, ingawa si kwa sababu ambayo wengi huifikiria. Parafujo ya milimita 5 ikiongezewa nyuzi 100 za joto hutanuka milimita 0.006 tu. Hata hivyo, kutanuka na kusinyaa huko kunatosha kuvunja kutu iliyo kavu. Chuma cha umeme cha kulehemia risasi, kikigusishwa kichwani tu, kinafaa. Moto wa wazi utayeyusha plastiki ya dashibodi.

Yote yakishindikana, kichwa hutobolewa kwa kekee hadi kikatike, baada ya kutandika kitambaa ili vipande vya chuma visiangukie nyaya. Wengi hustaajabu kuona kijiti kilichobaki kikizunguka kwa vidole. Kadiri ya sehemu 9 katika 10 za nguvu ya kukaza parafujo hupotea katika msuguano, chini ya kichwa na ndani ya hesi. Kichwa kikiondoka, mvuto uliokuwa ukizaa msuguano huo huondoka pamoja nacho.

Parafujo mpya isizidi urefu wa ile ya zamani. Ikizidi kwa milimita chache tu, ncha yake hupenya hadi kwenye saketi, na redio mpya hufa kabla ya taarifa yake ya habari ya kwanza.