Picha Huanza Kabla ya Kamera

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu.

Katika somo lililopita mlipewa kazi ya kupiga picha sita juu ya jambo moja. Mwanafunzi mmoja ameniandikia akiuliza: “Kamera nimeazima, lakini sijui nipige picha ya nini. Wazo hupatikana wapi?” Swali hili ni zuri. Nitalijibu kwa habari za mtu mmoja aliyeanza vivyo hivyo.

Mtu huyo ni Gordon Parks, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1912 katika mji wa Fort Scott, jimbo la Kansas. Alikuwa kitinda mimba kati ya watoto 15. Mama yake alifariki Gordon angali kijana, wala shule ya sekondari hakuimaliza. Alifanya kazi nyingi za kutafuta riziki, na baadaye akawa mtumishi wa mezani katika gari la moshi.

Siku moja aliona gazeti lililoachwa na abiria. Ndani yake mlikuwa na picha za wakulima maskini waliohama makwao kutafuta vibarua. Parks alizitazama tena na tena. Aliona ya kuwa picha yaweza kupeleka habari za dhiki kwa watu wasioijua dhiki hiyo. Tena, gari lilipolala Chicago, alikwenda katika jumba la sanaa kutazama michoro. Mwaka 1937 akanunua kamera kuukuu katika duka la vitu vya rehani mjini Seattle. Basi, wazo lake lilitoka katika kuzitazama kwa makini kazi za wengine.

Lakini kutazama kazi za wengine ni mwanzo tu. Mwaka 1942 Parks alikwenda Washington kujiunga na ofisi ya serikali iliyokuwa ikipiga picha za maisha ya watu maskini. Mkubwa wake, Roy Stryker, alimwambia aiache kamera ofisini, aende mjini kula, kununua koti na kutazama sinema. Kote huko alikataliwa kwa sababu ya rangi yake. Alirudi amejaa hasira, akitaka kuuonyesha ulimwengu uovu huo.

Je, ubaguzi hupigwaje picha? Mtu aliyekunyima chakula, ukimpiga picha, ataonekana kama mtu mwingine yeyote. Hasira peke yake haitoshi. Stryker alimshauri akazungumze na watu weusi wenye umri mkubwa, asikilize habari zao.

Parks alizungumza na Bibi Ella Watson, aliyekuwa akisafisha ofisi katika jengo lile lile. Bibi huyo alimsimulia maisha yake. Baba yake aliuawa na kundi la watu weupe, na mumewe aliuawa kwa risasi. Sasa alikuwa akilea wajukuu kwa mshahara mdogo. Baada ya kusikiliza, Parks alimsimamisha mbele ya bendera ya Marekani, akiwa na ufagio upande mmoja na ufagio wa kupigia deki upande wa pili.

Mkao huo wakumbusha mchoro mashuhuri wa Grant Wood wa mwaka 1930, unaoonyesha mkulima mzungu ameshika uma wa kukusanyia majani makavu, na mwanamke amesimama ubavuni pake. Parks aliazima, lakini hakunakili. Mahali pa nyumba ya mkulima aliweka bendera, ili mtazamaji ajiulize: nchi hii ni ya nani?

Hakuishia hapo. Stryker alimhimiza aendelee, naye akamfuata Bibi Watson kwa majuma kadhaa, nyumbani na kanisani. Katika picha zile twamwona na wajukuu, twamwona katika ibada. Picha ya kwanza yatuonyesha mtu aliyeonewa. Picha zote pamoja zatuonyesha mtu kamili. Hapa ndipo penye kiini cha somo letu: tusichukue shida ya mtu tukaacha kumjua mwenyewe.

Sasa, andikeni hatua hizi. Kwanza, tafuta picha mbili tatu zinazokugusa, uandike kwa nini zinakugusa. Pili, chagua jambo ulilolishuhudia kwa macho yako. Tatu, nenda bila kamera, bisha hodi, keti, sikiliza. Nne, omba ruhusa, ndipo upige picha. Tano, zitazame picha zako, ujiulize ni nini kilichosahauliwa, kisha urudi tena.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Kwa nini Stryker alimwambia Parks aache kamera?
2. Kuazima wazo na kunakili vyatofautianaje?
3. Ungependa wewe mwenyewe upigwe picha ukifanya nini? Kwa nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.