Andikianeni na mpiga picha mapema

KAMATI za harusi za mijini zinafanana. Mwenyekiti anafungua kikao, mweka hazina anasoma ahadi na fedha zilizokwishaingia, kisha mgawanyo unaanza: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, muziki, mshehereshaji, magari. Picha na video hutajwa karibu na mwisho, na aghalabu hupewa kile kilichobaki.

Hapo ndipo mjumbe mmoja husimama na kusema kuwa ana mdogo wake mwenye kamera nzuri, na atafanya kazi hiyo kwa bei ya kifamilia. Wajumbe hupiga makofi na ajenda hufungwa.

Kibiashara, huo unaweza kuwa uamuzi wenye hatari kuliko yote iliyopitishwa katika kikao hicho. Chakula kikipungua, mtu hutumwa kununua cha kuongezea. Umeme ukikatika, jenereta huwashwa. Lakini pete ikivishwa wakati mpiga picha yuko nje anatafuta betri, hakuna wa kuirudisha dakika ile. Mtaigiza tu, na kila atakayeiangalia picha hiyo atajua kuwa mliigiza.

Tena ifikapo Jumapili asubuhi chakula kimekwisha kuliwa, mapambo yamerudi kwa mwenyewe na ukumbi unafagiliwa kwa ajili ya sherehe nyingine. Katika vyote vilivyonunuliwa kwa michango ya ndugu na marafiki, picha ni miongoni mwa vichache vitakavyobaki mikononi mwa maharusi. Makala haya yanawaeleza wachumba namna ya kuinunua huduma hiyo kama wanunuzi makini.

Msimu na bei

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa. Siku hizo zinamtosha msajili. Kwa mpiga picha mwenye wateja ni chache mno.

Biashara hii ina misimu, kama ilivyo kwa mazao. Wakati wa Kwaresima makanisa mengi hayafungishi ndoa, na mwezi wa Ramadhani Waislamu wengi huahirisha sherehe. Pasaka na Idi zikishapita, Jumamosi zinaanza kugombaniwa. Desemba ndiyo usiseme. Anayetaka tarehe za msimu na amtafute mpiga picha miezi mitatu hadi sita kabla, na asitegemee kupunguziwa bei. Anayeweza kufunga ndoa siku ya Ijumaa, au katika mwezi uliopoa, ana nguvu ya kujadiliana.

Msilinganishe bei kwa jumla yake tu. Tuchukulie mfano wa hesabu: mmoja anataka Sh800,000, mwingine Sh1,200,000. Wa kwanza atakuja peke yake kwa saa sita. Wa pili atakuja na msaidizi mwenye kamera yake, na wote watafanya kazi saa 10. Kwa wa kwanza mnalipa zaidi ya Sh133,000 kwa saa ya mtu mmoja. Kwa wa pili ni Sh60,000. Kabla ya kuamua, ulizeni pia idadi ya picha zitakazosafishwa, ukubwa wa albamu na urefu wa video. Hapo ndipo mtajua nani ghali.

Angalieni harusi moja nzima

Kila mpiga picha ana picha 20 nzuri, na ndizo atakazowaonyesha. Ombeni kuona harusi moja aliyoipiga kuanzia nyumbani kwa bibi harusi hadi ukumbini usiku, bila kuchagua.

Zingatieni zaidi zile za usiku. Taa za rangi zinazopendeza machoni ukumbini hugeuza sura za watu kuwa za zambarau au kijani kwenye picha, na asiyejua kutumia flashi yake atawaletea kazi ambayo hata kompyuta itashindwa kuirekebisha. Shela nyeupe nayo ni mtihani. Kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe mbele ya nguo nyeupe tupu, huona mwanga ni mwingi na kuupunguza. Matokeo yake sura nyeusi hupotea kizani. Mwingine huongeza mwanga ili sura zionekane, nakshi za shela zikayeyuka kama chokaa. Mjuzi hupata vyote viwili. Mwombeni awaonyeshe bibi na bwana harusi wamesimama pamoja, mmoja na shela, mwingine na suti nyeusi, na muangalie kama mnaona mishono ya nguo zote mbili.

Maswali mengine ni mafupi. Je, atakuja mwenyewe au atamtuma kijana wake? Ana kamera ya pili endapo ya kwanza itazima? Kamera yake inaandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja? Hili la mwisho wengi hawaliulizi, nalo ni muhimu, kwa sababu kadi huharibika bila kutoa taarifa.

Karatasi moja inatosha

Mkataba wa mdomo ni mkataba pia, lakini mkigombana mtathibitisha kwa lipi? Andikeni, hata kama mpiga picha ni binamu. Kwa kweli andikeni hasa kama ni binamu, maana mgeni mnaweza kumdai, binamu mtamwonea haya.

Karatasi hiyo itaje tarehe, mahali, saa ya kuanza na ya kumaliza, majina ya watakaokuja, kitakachotolewa na siku ya kukabidhi. Iseme pia atakayekuja badala yake akiugua, na kiasi atakachorudisha kazi ikiharibika. Kuhusu malipo, utaratibu unaozilinda pande zote ni wa awamu: kwa mfano nusu wakati wa kutia sahihi, asilimia 30 siku ya harusi, na asilimia 20 mnapokabidhiwa kazi. Anayelipwa yote mapema hana cha kumharakisha. Na ninyi msimkope. Mpiga picha anayeendelea kuidai kamati iliyokwisha kuvunjwa huwa hana wa kumfuata isipokuwa maharusi. Kila awamu idaiwe risiti.

Kuna jambo moja ambalo maharusi hulistukia baadaye: kumbe picha yao imekuwa tangazo la studio. Picha zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hivyo ni vyema mkataba useme wazi nani ana haki gani juu yake, na kama studio inaruhusiwa kuziweka kwenye mitandao ya kijamii. Tangu mwaka 2022 nchi ina pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini sentensi moja kwenye mkataba inamaliza ugomvi upesi kuliko kwenda kuitafuta sheria.

Mwanga haungoji

Tatizo kubwa la picha za harusi nchini si kamera. Ni saa.

Jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, kutegemea mwezi, na kwa kuwa tuko karibu na Ikweta giza huingia haraka, ndani ya dakika 20 hivi. Sasa pigeni hesabu. Ibada ikianza saa 8:00 mchana kweli kweli, itakwisha kama saa 10:00. Picha za ndugu nje ya kanisa zitachukua nusu saa au zaidi. Foleni hadi bustanini au ufukweni, nayo nusu saa kama mna bahati. Mtafika saa 11:00, na mbele yenu mna saa moja ya mwanga mzuri kuliko wote wa siku.

Ibada ikichelewa kwa saa moja na nusu, saa hiyo yote imeliwa. Mtafika bustanini na taa za magari zimewashwa.

Kwa hiyo ratiba ya picha ipangwe kwa kurudi nyuma, kuanzia jua kuzama. Kama saluni ndiyo inayochelewesha, na kwa kawaida ndiyo, bibi harusi aanze kusukwa saa mbili mapema zaidi ya anavyodhani. Kama bustani ni ya hoteli, ulizeni mapema kama wanatoza ada ya picha, msije mkazuiwa getini na msafara wa magari kumi nyuma yenu. Na kama mnataka picha za angani, kurusha ndege isiyo na rubani kunahitaji kibali kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, jambo ambalo haliombwi asubuhi ya harusi.

Epukeni kupiga picha za nje saa 6 au saa 7 mchana. Jua likiwa utosini, macho yote huwa mashimo meusi. Ikibidi, ingieni kivulini. Wale wanaolalamikia mawingu ya Julai kule Moshi na Arusha wanalalamikia mwanga ambao mpiga picha yeyote wa Dar angeulipia.

Ndoa za Kiislamu zina hesabu yake. Mara nyingi nikahi hufungwa msikitini, bibi harusi akiwa nyumbani na wanawake wenzake, kisha bwana harusi hupelekwa kwake. Matukio mawili makubwa yako sehemu mbili, hivyo mpiga picha mmoja hatoshi. Upande wa wanawake, hasa Zanzibar, Mombasa na Lamu, wanawake huvua mabaibui na kujipamba kwa kujiamini kwamba hakuna jicho la mwanamume. Huko mpiga picha awe mwanamke, na vilevile anayesafisha picha. Wengi husahau huyo wa pili: picha hupigwa na mwanamke, halafu zinakwenda kukaa wiki nzima kwenye kompyuta ya vijana wa studio. Nalo liandikwe mkatabani.

Orodha ya ndugu

Picha za makundi ndizo zinazochosha na ndizo zinazotafutwa baada ya miaka. Andaeni orodha: wazazi wa pande zote, bibi na babu, shangazi, wajomba, baba wakubwa na wadogo, kisha marafiki na wafanyakazi wenzenu. Makundi 15 kwa dakika tatu kila moja ni dakika 45, kwa hiyo msiandike 40.

Mpiga picha hawajui ndugu zenu. Kila upande utoe mtu mmoja anayezijua sura zote na mwenye sauti ya kuita. Aanze na wazee, kwani ndio wanaochoka kusimama, na ndio wanaoondoka mapema.

Inafaa kulisema hili bila kificho. Katika nyumba nyingi, picha inayowekwa juu ya jeneza la mzee imekatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mtoto au mjukuu wake, kwa sababu ndiyo siku pekee aliyovaa vizuri mbele ya mtu mwenye kamera ya maana. Mwombeni mpiga picha ampige kila mzee peke yake, kifuani kwenda juu, uso ukiwa kwenye mwanga. Ni dakika mbili kwa kila mmoja. Kama bibi yuko kijijini na hawezi kusafiri, sare yake itangulie na mtu mwenye kamera.

Viongozi wa dini nao waulizwe mapema mpiga picha asimame wapi na kama flashi inaruhusiwa. Kumfukuza mbele ya altare katikati ya viapo ni aibu ya wote. Mshehereshaji awatangazie wageni kuwa simu zisizibe njia wakati wa kuingia na kukata keki. Kuna video za harusi zinazoonyesha migongo ya mashangazi na mwanga wa simu, maharusi hawaonekani kabisa. Wapiga picha nao wahesabiwe kwenye chakula. Mtu aliyeanza kazi saa 3 asubuhi, mkimnyima sahani, ndafu itakatwa naye yuko nje anakula chipsi.

Baada ya sherehe

Mkikabidhiwa kazi, dai lenu liwe mafaili yenye ukubwa kamili. Picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp imepunguzwa. Inatosha kwenye simu, ukutani itawaangusha. Picha ya inchi 8 kwa 10 inayochapwa vizuri inahitaji kama pikseli 2,400 kwa 3,000. Kabla ya kulipa awamu ya mwisho, fungueni faili kadhaa na mhakikishe.

Tunzeni nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja kwa mtu mnayemwamini anayeishi nyumba nyingine, au kwenye hifadhi ya intaneti. Waliooana miaka ya 1990 wana kanda za VHS zilizoota ukungu na hawana mashine ya kuzichezea. Waliofuata walipewa sidii, na kompyuta nyingi za leo hazina pa kuzitia. Lakini picha zilizochapwa na kubandikwa kwenye albamu bado zinaangaliwa hadi leo, bila umeme wala nywila. Agizeni albamu mbili tangu mwanzo, moja yenu na moja ya wazazi, na gharama yake iingizwe kwenye bajeti ya kikao cha kwanza, wakati mweka hazina bado ana cha kugawa.