MLANGO WA PLASTIKI UKIVUNJIKA: UTENGENEZWE, UBADILISHWE, NA NANI ALIPE?



Siku hizi nyumba nyingi za mashambani na viwandani zimetiwa milango ya plastiki, hasa milango ya nje ya bafu, choo na jiko. Plastiki hailiwi na mchwa wala haiozi kwa maji, ndiyo maana waajiri huipenda. Lakini ikivunjika, mfanyakazi huambiwa, "Wewe ndiye uliyevunja," kisha mwisho wa mwezi mshahara hukatwa. Na mlango wa bafu usiofungika si jambo dogo kwa wake zetu na binti zetu. Kwa hiyo tuujue mlango, halafu tuijue sheria.

KWA NINI HUVUNJIKA

Kwanza ni jua. Plastiki ikipigwa na jua miaka mingi hupoteza rangi, na ukiipangusa kwa kidole huacha unga mweupe. Hapo imekuwa kama ganda la yai, na upepo mmoja watosha kuipasua.

Pili ni bawaba. Milango mingi ya namna hii ina uwazi ndani, na skrubu hushika ukuta mwembamba tu. Matundu hupanuka, mlango hulala na kusugua sakafu, watu huusukuma kwa nguvu, nao hupasuka.

Tatu ni joto. Mlango wa mita 2 ukipata nyuzi 30 za joto zaidi, hurefuka karibu milimita 4. Ukibanwa na fremu, mchana utakwama.

KUTENGENEZA

Kama plastiki bado ni imara na haitoi unga, tengeneza.

1. Jua aina yake. Kata kipande kidogo kisicho na hewa ndani, ukitie majini. Kikizama, yaelekea ni plastiki ile ya mabomba magumu ya maji, nayo hushika gundi ya mabomba. Kikielea, mara nyingi ni ya jamii ya matangi ya maji. Hiyo haishiki gundi. Tumia kiraka cha bati na bolti.

2. Ufa. Toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee. Osha, kausha, piga msasa. Paka gundi mlangoni na kwenye kiraka cha plastiki ya aina ile ile. Kiraka kipite ufa kwa sentimita 5 kila upande. Kandamiza, uache mpaka kesho. Gundi hii hushika moto na mvuke wake ni mkali. Fanyia kazi nje, mbali na jiko na sigara.

3. Bawaba iliyong'oka. Usitie skrubu nene katika tundu lile lile. Hamisha bawaba sentimita 10, au pitisha bolti mpaka upande wa pili, uweke bamba la bati chini ya nati. Usikaze mno, plastiki itabonyea. Kama bawaba ni mbili, ongeza ya tatu.

Usiunganishe plastiki kwa kisu cha moto, wala usichome vipande. Moshi wake ni sumu.

KUBADILISHA

Kama inatoa unga, au ufa umefika kwenye bawaba na kona, kiraka ni kupoteza fedha. Pima upana wa fremu juu, katikati na chini, na urefu pande mbili. Fuata kipimo kilicho kidogo, uache nafasi ya milimita chache kila upande. Kisha pima fremu kona kwa kona. Vipimo viwili visipolingana, fremu imepinda. Inyooshwe kwanza, ama sivyo mlango mpya utakufa kama wa zamani. Mwisho, tia kulabu ya kuuzuia upepo usiupige ukutani.

NANI ALIPE?

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, humtaka mwajiri atoe makao ya kufaa kwa gharama yake, au alipe fedha za kutosha za kodi ya nyumba. Kifungu cha 19 humruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa kwa makusudi. Jua si makusudi ya mfanyakazi.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 husema kwamba kabla ya kukata mshahara kwa ajili ya hasara, mwajiri aeleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, na ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga. Hasara iwe imetokea kazini, tena kwa kosa la mfanyakazi. Makato hayo yasizidi robo ya mshahara wa fedha.

Kwa hiyo, ndugu, mlango ukianza kulala, mwambie mjumbe wa chama siku hiyo hiyo, naye apeleke barua ofisini na kubaki na nakala. Ukihamia nyumba mpya, andika hali ya mlango mbele ya karani. Na ukivunjika, usitupe vipande. Ule unga mweupe kidoleni ni ushahidi wako, na nyapara hawezi kuukana mbele ya watu.