Turubai Haingoji Likizo

Muhula huu nimeulizwa mara nne. Aliyeuliza mwisho ni mkufunzi kijana, mgeni katika idara ya sanaa. "Shikamoo mwalimu. Nimeamua nifundishe miezi minne bila kugusa brashi, halafu likizo nichore mfululizo. Niandae turubai ngapi?" Nikamwambia asiandae hata moja. Alidhani namkatisha tamaa, kumbe nilikuwa nimechoka na ushauri huu wa "ngoja likizo", unaopokezanwa na walimu wa vyuo kama dawa iliyothibitishwa. Nimeona wachoraji hodari wakizimika kwa kuutii.

Likizo yenyewe kwanza. Wanachuo wakishaondoka, mwalimu anabaki na kazi za kusahihisha, kikao cha matokeo, mitihani ya marudio na ziara za kuwakagua walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Siku zinazosalia zina wenyewe: mzazi kijijini, harusi, msiba.

Lakini tuseme umepata mwezi mzima. Dawa bado haiponyi, na sababu imo ndani ya rangi. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Nguo hukauka maji yakiondoka. Mafuta ya kitani huganda kwa kuvuta oksijeni hewani, taratibu, na huwezi kuyaharakisha kwa hamu yako. Amba, ile kahawia ya udongo, ukiipaka nyembamba unaweza kuigusa baada ya siku moja au mbili. Nyeupe ya titani inaweza kumaliza wiki ikingali inanata. Tena tabaka la chini liwe na mafuta machache kuliko la juu, na likauke kwanza. Ukikiuka, picha itapasuka, pengine baada ya mnunuzi kuitundika sebuleni kwake. Mchoraji wa mwezi mmoja hupaka juu ya ubichi kwa sababu siku zinamkimbia. Anayepaka tabaka jembamba la amba Jumatatu jioni kwa dakika arobaini, akaenda kufundisha, akirudi Alhamisi anaikuta picha iko tayari kwa tabaka linalofuata. Saa zake za darasani ndizo saa za rangi kukauka! Mfinyanzi analijua hili: chungu kibichi hufunikwa nailoni kikauke polepole kabla ya tanuri. Mchongaji naye anajua gogo bichi likikaushwa haraka linapasuka.

Mkono nao una tabia yake. Kuna mwaka nilioifuata dawa hii. Nilipofungua chumba changu cha kazi hapa Dar es Salaam baada ya muhula mmoja, mfuniko wa tyubu ya nyeupe ulikuwa umeganda nikaukata kwa koleo, na unyevu wa pwani ulikuwa umeacha madoa ya kuvu nyuma ya turubai. Hayo yaliisha asubuhi moja. Kilichokataa ni mstari. Nilitaka ubavu wa ngalawa, mpindo mmoja mrefu kutoka omo hadi tezi. Niliuchora mara ishirini, na kila mara ulikufa katikati. Siku kumi na moja zilipita kabla haujarudi, na nilizokuwa nazo zote ni ishirini na tatu.

Hasara hiyo inamfikia mwanachuo pia. Ninapomwonyesha kwamba kivuli cha ukuta mweupe si cheusi, ninajua kosa lake liko wapi kwa sababu jana usiku nilishindwa na kijivu kilekile. Mwalimu ambaye hajachanganya rangi tangu Machi anafundisha kumbukumbu.

Msiniambie kwamba wakubwa wetu walikuwa na nafasi. Sam Ntiro alikuwa mwalimu Makerere, na picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Gregory Maloba alifundisha hapohapo Makerere na ndiye aliyetengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962. Miaka ya 1980 Francis Nnaggenda, naye mwalimu wa chuo hicho, alichonga kutoka kwenye gogo la mti mhanga wa vita. Kazi za ukubwa huo hazitoki kwenye mabaki ya mwaka.

Basi fanya hivi. Kuwa daima na kazi moja iliyo wazi, isiyokwisha, mahali utakapoiona kila siku. Ukiwa na nusu saa tu, tumia akriliki au wino. Ratiba inapopangwa, omba asubuhi mbili zikae pamoja. Ukisubiri wakupangie, utapata vipande. Sahihisha kazi za studio palepale mwanachuo akiwepo, usizibebe nyumbani. Osha brashi hata kama umechoka. Ukialikwa kamati ya tatu, kataa. Likizo itumie kwa fremu, vanishi, picha za kumbukumbu na kutafuta wanunuzi.

Yule mkufunzi nimempa turubai moja ya sentimita 30 kwa 40. Aliipaka amba nyembamba jana saa kumi na moja jioni. Leo ana vipindi vitatu.