Takwimu za mavuno ya zamani zisifutwe

MKULIMA wa mpunga wa Maore, wilayani Same, anapokwenda kuomba mkopo wa pembejeo hutakiwa kueleza anavuna gunia ngapi. Asiye na kumbukumbu hujibu kwa kutazama msimu uliopita tu, na hapo ndipo hasara huanzia.

Maore iko tambarare chini ya Milima ya Upare, kwenye barabara itokayo Same kupitia Kisiwani kwenda Ndungu na Kihurio. Mvua za huko ni haba, na mpunga hutegemea maji yanayoshuka kutoka milimani. Jirani, Ndungu, kuna skimu ya umwagiliaji ya takriban hekta 680, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1990. Mahali kama hapo, msimu mmoja hausemi ukweli wote.

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye ekari mbili aliyevuna gunia 36, 40, 14, 38 na 42 katika misimu mitano. Akitazama msimu wa mwisho pekee, mkopo wenye thamani ya gunia 20 huonekana mwepesi. Akitazama yote, anaona wastani wake ni gunia 34, na kwamba ukame uliwahi kumwachia 14 tu. Hali hiyo ikirudi, atauza mavuno yote, abaki na deni la gunia sita na nyumbani hakuna chakula.

Siku hizi kumbukumbu za namna hii zinahama kutoka kwenye daftari kwenda kwenye kompyuta. Vyama vya ushirika vimeletewa mfumo wa MUVU chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na mwaka 2022 Serikali ilianza kutoa mbolea ya ruzuku kwa wakulima waliosajiliwa kwa njia ya kidijitali.

Tatizo huja pale kompyuta ya chama inapojaa stakabadhi, madeni na taarifa za mifereji iliyoziba na matengenezo yake. Kazi huwa polepole, na karani hushawishika kufuta za zamani apate nafasi. Dawa si kufuta, bali kuzihamishia kwenye hifadhi ya pembeni.

Kwanza, zihamishwe kumbukumbu za misimu iliyofungwa tu. Msimu wenye deni au mgogoro wa maji usioisha ubaki kwenye mfumo wa kila siku.

Pili, karani anakili kwanza, kisha alinganishe idadi ya wakulima na jumla ya gunia kati ya nakala na asili. Zikilingana, ndipo aondoe za zamani kwenye mfumo.

Tatu, nakala iwe katika jedwali la kawaida linalofunguka hata programu ikibadilishwa. Ziwe nakala mbili, moja nje ya ofisi, na muhtasari uliochapishwa uwekwe mbali na mchwa na maji. Kila mwaka zifunguliwe kuona kama bado zinasomeka.

Nne, vipimo viandikwe. Gunia la lumbesa si sawa na gunia la kilo 100. Takwimu isiyo na kilo wala ukubwa wa shamba haitamsaidia mtu baada ya miaka 10.

Kwa mfanyabiashara, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka hesabu zitunzwe miaka mitano. Takwimu za mavuno zafaa kukaa zaidi ya hapo, kwa kuwa ukame haufuati kalenda ya kodi. Majina na namba za simu za wanachama zilindwe, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu.

Wakati mzuri wa kazi hii ni baada ya mavuno na malipo, kabla ya kuandaa vitalu vipya. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.