Mwanzo wa Ngoma ni Lele

Februari 2021 santuri ya bendi ya Mogwai ya Glasgow, iliyoundwa 1995, ilishika nafasi ya kwanza kwa mauzo Uingereza. Muziki wao, aghalabu usio na maneno, huanza kwa mnong'ono ukaishia kwa ngurumo. Na santuri hiyo waliitoa kwa kampuni yao wenyewe. Twawapongeza.

Lakini mwanzo wa ngoma ni lele. Katika usiku wa muziki wa namna hiyo, kundi chipukizi hutangulia jukwaani ukumbi ukiwa nusu mtupu, na mara nyingi ujira wake hautoshi hata nauli. Hiyo nayo ni kazi, na kazi yastahili malipo. Twawasihi wenye tiketi wawahi, na wenye kumbi walipe kwa haki: mashuhuri wa leo ndio watangulizi wa jana.